Mshono Chini ya Dole Gumba

Shangazi yangu hapigi simu kujulia hali. Akipiga, ana neno. Nilikuwa Mpanda, nimekaa kwenye benchi la mama ntilie nikingoja chai ipoe, simu ikaita.

"Uko wapi wewe?"

"Shikamoo, shangazi. Niko Mpanda."

"Marahaba. Mpanda kuna nini?"

Nikapuliza chai yangu. Nilimaliza kidato cha nne Tabora, na tangu hapo nimekuwa nikienda na kurudi kwenye njia ile ile waliyoipita wazee wetu kwa miguu, mizigo kichwani: Ujiji, Uvinza, Tabora, na matawi yake yote. Wao walikuwa na sababu. Mimi nimepakia tumbaku Sikonge, nimevuna mpunga wa watu Lusu, nimeshona viatu Kigoma na viti vya bodaboda Kahama, na kila nilipofika nilianza kupakumbuka nilipotoka.

"Bado unajua kushona ngozi?" akauliza.

"Najua."

"Basi njoo. Na usiseme kama nimekuita. Ukiulizwa, umekuja harusini."

Harusi yenyewe ilikuwa ya mjukuu wake, mwezi wa Shaabani, kabla watu hawajaingia kwenye mfungo. Niliposhika basi la asubuhi nilikwishajua ananiitia nini. Ananiitia upanga.

Nyumbani kwetu kuna upanga wa zamani, wa aina waliyokuwa wakibeba Waarabu wa pwani: umenyooka, mrefu kama mkono wa mtu mzima, na makali yake yamelala siku nyingi. Nani aliuleta Tabora, hakuna anayejua kwa hakika. Nimesikia kwamba ulikuwa wa Mwarabu, nimesikia ulikuwa wa Mmanyema, na nimesikia uliokotwa njiani na mpagazi wa Kinyamwezi aliyeona si vizuri kuuacha ukilala kwenye umande. Mimi namwamini mpagazi. Mpini wake ni mti wa mviringo uliovikwa ngozi, mrefu, mwembamba, hauna chuma cha kuzuia mkono usiteleze kuelekea kwenye bapa. Anayeushika anashikwa na ngozi tu.

Upanga huo hautoki ndani ila kwa harusi ya binti wa nyumba. Bwana harusi akifika na watu wake, mwanamke mmoja wa kwetu husimama mlangoni na kuulaza upanga kukatiza njia, kutoka mwimo mmoja wa mlango kuelekea mwimo wa pili, mkono umenyooshwa. Kina mama wa upande wa bwana harusi husema maneno yao, sifa na mizaha, na yeye huwajibu. Akiridhika, anauinua, na kijana anapita chini yake. Sharti ni moja: ncha haigusi mwimo wa pili. Ikigusa, watu husema nyumba imechoka.

Tangu nikiwa mtoto, aliyesimama pale ni shangazi. Nimeona harusi nyingi kwenye njia zangu, Kasulu mpaka Nzega, na sijaona kitu kilichonipendeza kama mwanamke yule mfupi, kanga mbili na baibui imetupwa begani, akiwafungia mlango wanaume warefu kuliko yeye huku akicheka.

Kisha kiharusi kikampitia. Hakikumlaza muda mrefu. Mguu ulirudi, mdomo ulirudi, na maneno kwa bahati mbaya ya wengi yalirudi yote. Mkono wa kulia ulirudi nusu. Na kwenye harusi iliyofuata, upanga ukamponyoka, ukalia juu ya saruji kama sufuria. Aliukanyaga kwa mguu, akacheka, watu wakacheka naye. Lakini tangu siku ile maneno ya upole yakaanza: apumzike, amefanya kazi, sasa amwachie mdogo wake.

Nilifika Tabora jioni na donge la nta ya nyuki nililonunua basi liliposimama Sikonge. Nikamkuta uani akichambua mchele kwa mkono wa kushoto.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba." Huniita baba kwa sababu nimechukua jina la baba yake. "Umekonda. Huko Mpanda wanakula nini, vumbi?"

Alingoja nimalize kula, ndipo akautoa upanga chini ya godoro na kuuweka mapajani pangu.

"Sikiliza," akasema. "Wanataka niuache. Nitauacha, mimi si jiwe. Lakini nataka niuache mwenyewe, baada ya huyu mjukuu wangu niliyemlea kwa mkono huu huu. Sitaki kuachishwa kama mtoto wa ziwa. Utaweza kunifanyia mpini nisioweza kuudondosha?"

Nilimwomba anipe mkono. Ulikuwa wa joto, mzito kidogo. Nilimwambia afumbe macho, nikapita na ncha ya kijiti kidole baada ya kidole, naye akawa anasema "hapana, hapana, hapana." Nilipofika kwenye kiganja, chini ya dole gumba, akafumbua macho.

"Hapo! Hapo ndipo bado pana mtu nyumbani."

Ngozi ya zamani ilikuwa imelainika kwa jasho na mafuta ya mikono ya vizazi mpaka inang'aa kama kokwa la embe. Niliikata kwenye mshono wake. Chini yake mti ulikuwa mzima, umezungushiwa uzi uliokwisha kuwa vumbi. Shangazi akautazama mpini ule ulio uchi, akageuza uso. "Mfunike haraka," akasema, "hajazoea kutazamwa."

Nilizungusha kamba mpya ya katani, laini, niliyoipaka nta ili isisogee. Kwa kawaida kamba inazungushwa safu moja tu, iipe ngozi mahali pa kung'ang'ania. Mimi nikaongeza safu katikati, kwa sababu vidole vyake havifumbi mpaka mwisho. Nilizungusha, nikampa ashike, akasema bado. Nikaongeza, akasema bado. Nikaongeza tena, akasema sasa umenipa mchi wa kutwangia, punguza. Nikapunguza.

Ngozi ilikuwepo stoo, ya mbuzi wa sikukuu, imesuguliwa chumvi ya Uvinza na kukunjwa, kama zinavyohifadhiwa ngozi nyumba nyingi za kwetu. Chumvi ile imepita njia yetu tangu watu waliposafiri na vikapu vyake mabegani, na sisi hatujui kuhifadhi kitu bila hiyo. Niliiloweka, nikakwangua manyoya kwa majivu, nikaikata na kuivuta juu ya kamba ikiwa mbichi. Ilipokauka jikoni ilikaza kama ngoma. Nilijisifu. Shangazi akanisifu. Alitembea na upanga uani akiwanyooshea kuku.

Asubuhi mvua ilinyesha. Nilipoutoa upanga chini ya godoro, mpini ulikuwa unatoka jasho. Ulikuwa umelowa, unateleza kama sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni, na pale ngozi ilipokutana na chuma palikuwa na kutu changa, nyekundu. Sikuelewa. Shangazi akauchukua, akaulamba.

"Chumvi," akasema. "Mvua ikija inakunywa maji. Baba, sisi hatujashona mpini. Sisi tumekausha samaki wa ng'onda."

Nilikuwa tayari kukasirika, lakini yeye alicheka mpaka akashika ukuta, na mtu akicheka vile huwezi kukasirika peke yako. Ngozi ile ingefaa kigoda au ngoma. Kwa mkono usiohisi, siku ya mvua, ingemwaibisha mbele ya watu wote. Tukaichana. Nikasugua kutu kwa jivu na kitambaa, nikakausha kamba jua lilipochungulia, na harusi ikawa inakaribia.

Nikamwambia nitakwenda sokoni kutafuta ngozi iliyotengenezwa kiwandani. Akakataa. Nikinunua ngozi sokoni leo, kesho mdogo wake atakuwa ameshajua ilikuwa ya nini. Akaingia chumbani, na aliporudi alikuwa na msala.

Ulikuwa msala wa ngozi ya kondoo, mwekundu uliofifia, uliotengenezwa na watu waliojua kazi yao. Babu aliswalia juu yake, kisha baba yangu, kisha yeye. Tangu kiharusi anaswali amekaa kwenye kiti, na msala umekuwa ukining'inia kwenye msumari. Ukiupinda unanyooka, ukiulowesha unakauka ukiwa ule ule. Haukuwa na chumvi hata chembe.

"Shangazi, huu hapana."

"Kwa nini?"

"Ni msala."

"Ngozi haiswali. Tuliswali sisi." Akautandaza sakafuni, akapita na kidole juu yake bila kuinama sana. "Hapa paji la uso liligusa, usipaguse. Hapa magoti. Hapa mikono. Haya, kata huku mwisho, pale pa kusimamia. Baba yako alikuwa na miguu mikubwa, ngozi ya huko imezoea mzigo."

Nilikata. Nimekata ngozi nyingi maishani, za viti, za mikanda, za soli, na sikumbuki kisu kilichowahi kuwa kizito vile. Lakini nilipomwangalia alikuwa ametulia kabisa, kama mtu anayemmegea mgeni mkate.

Kazi iliyobaki nataka kuieleza polepole, kwa sababu ndiyo niliyoifurahia kuliko zote nilizowahi kufanya kwa mikono hii. Nililowesha kile kipande kwa maji ya uvuguvugu mpaka kikalegea. Nikanyoa kingo zake kwa kisu, upande wa nyama, zikawa nyembamba ili zikikutana zisifanye tuta. Nikapika uji mzito wa unga wa ngano, nikaupaka juu ya kamba. Gundi ya viatu inashika haraka na haikupi nafasi ya kusogeza ngozi, uji unakusubiri. Nikatoboa matundu kwa msharasi, ile sindano nene ya washona viatu yenye mpini wa mti, nikachukua uzi uliopakwa nta, sindano mbili, moja kila ncha, zikawa zinapishana kwenye tundu moja.

Nilikuwa nimeweka mshono upande wa nje, ncha za vidole zinapoishia. Ndivyo nilivyofundishwa Kigoma: mshono mzuri ni ule ambao mkono hauujui.

"Siyo huko," akasema shangazi. Alikuwa amekaa karibu akinimulikia kwa simu, maana mawingu yalikuwa yametia giza ua mzima. "Ulete huku, chini ya dole gumba. Na usiufiche. Uuinue, uwe kama mshipa."

"Utakuumiza."

"Ndiyo ninachotaka. Ukiniuma nitajua nimeushika."

Sikuwa nimefikiri hilo. Nikafumua mshono wote, nikazungusha ngozi, nikaanza upya, safari hii nikikunja kingo nje kidogo na kuzibana zisimame, na nikavuta kila pigo la sindano mpaka uzi ukalia. Mshono ulitokea kama uti wa mgongo wa samaki. Fundi wangu wa Kigoma angeutupa nje. Mimi niliuona mzuri.

Ngozi iliyoloweshwa, kabla haijakauka, inapokea umbo la kinachoibana. Kwa hiyo nikamfungia shangazi upanga mkononi kwa kitambaa, vidole vikiwa pale vinapotakiwa kuwa, akakaa kwenye kiti chake uani kungoja ukauke. Hawezi kukaa bila kufanya kazi. Alinifanya nimsimulie habari za njia, reli ya Kigoma usiku wa baridi, daraja la Malagarasi, watu wa Uvinza wanavyochemsha maji ya chumvi, na nilipotaja chumvi tulicheka tena.

Tukiwa hivyo, mlango wa ua ukagongwa na kufunguliwa kwa pamoja. Ni mdogo wake, shangazi yangu mdogo, ndiye anayetajwa kuupokea upanga. Shangazi mkubwa alivuta kanga yake haraka, akafunika mkono na kila kilichokuwamo.

"Hodi hapa! Jamani, hata mpwa wangu yupo! Shikamoo, dada."

"Marahaba. Shikamoo yako kubwa, unataka nini?"

"Nimekuja kukuona, si dhambi. Mbona hunipi mkono?"

"Nina baridi."

"Baridi!" Akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akatazama kanga, akatazama vipande vya ngozi miguuni pangu, na bakuli la uji wa ngano, na uzi. "Uji nao wa nani, mgonjwa?"

"Wa kuku," nikasema.

"Kuku wenu wanapikiwa ngano! Ndiyo maana mtu hakaribishwi." Halafu akainama mbele, akasema taratibu, "Dada, hicho unachokificha kimetoka ncha."

Kweli. Chini ya pindo la kanga, upande wa pili wa kiti, ulitoka upanga urefu wa kidole, unang'aa.

Shangazi mkubwa akatazama ncha, akatazama ukuta. Nilidhani atafoka. Badala yake akafunua kanga, akauweka mkono wote wazi mapajani, umefungwa kitambaa kama mtoto mchanga.

"Haya, nenda katangaze."

"Nitangaze nini?"

"Kwamba dada yako anafungwa upanga kwa tambara."

Mdogo wake akarudisha mtandio nyuma. Huyo naye ana nywele nyeupe sasa, nilikuwa sijaziona. "Mimi upanga wako siutaki," akasema. "Nani alikwambia nautaka? Wao ndio wanaosema. Mimi ninachotaka usianguke mbele ya wale watu wa bwana harusi, wana midomo wale. Acha nisimame nyuma yako siku hiyo. Ukilegea nitaudaka."

"Ukisimama nyuma yangu watajua."

"Basi nisimame wapi?"

"Mbele, na wanaoimba. Ukiona nimechoka usipige kigelegele cha kumwingiza bwana harusi. Ni mpaka mimi niseme."

"Hata ukitetemeka?"

"Hata nikitetemeka."

Alisogeza ndoo, akaweka kiganja juu ya kile kitambaa, akabana pamoja naye. Nikaenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

Siku ya harusi mvua ilikatika mchana. Bwana harusi alikuja na bajaji zilizopambwa maua ya plastiki na msururu wa bodaboda zikipiga honi mtaa mzima. Shangazi alisimama mlangoni. Nilikuwa ndani, nyuma ya pazia, ninamwona ubavuni. Akanyoosha mkono, na upanga ukalala hewani kutoka mwimo hadi karibu na mwimo wa pili, nafasi ya unene wa kidole imebaki wazi.

Kina mama wa upande wa pili walikuwa watu wa Nzega, na walikuwa na midomo kweli.

"Hodi, wenye nyumba! Tumekuja na simba!"

"Simba gani amekuja na bajaji?"

"Simba amesoma, ana kazi, hana deni la mtu!"

"Kufua anajua? Huyu wa kwetu hafui suruali za simba."

"Anafua, anapika, analea!"

"Basi mbona mama yake amemwachia? Mngekaa naye!"

Watu walikuwa wamejaa kicheko, na nilijua tayari anaweza kuuinua. Angeuinua wakati huo, hakuna ambaye angesema kitu. Lakini wale wa Nzega wakaanzisha wimbo, mrefu, wenye majibizano, na yeye akauacha uimbwe. Nikaona bega lake likianza kutetemeka, kisha kiwiko. Ncha ilikuwa inacheza hewani. Ng'ambo, katikati ya waimbaji, mdogo wake alikuwa ameacha kuimba. Kiganja kilikuwa tayari mdomoni. Dada yake akamtazama tu. Kiganja kikashuka.

Wimbo ulifika mwisho wake. Shangazi akangoja kimya kiingie, akauliza kwa sauti ndogo ambayo kila mtu aliisikia: "Mtamtunza?"

"Tutamtunza," wakasema, na sasa hawakuwa wanacheza.

Akauinua. Uliinuka moja kwa moja, wima, haukugusa kitu. Bwana harusi akapita chini yake akiwa ameinamisha kofia, na vigelegele vikapasua masikio yangu.

Nilidhani atanikabidhi upanga pale pale. Akapita nao mbele yangu, akiwa ameubana kifuani, akaingia chumbani na kuketi kitandani. Nikamfuata. Nje ngoma ilikuwa imeanza. Uso wake ulikuwa umelowa jasho, na chini ya dole gumba palikuwa na mstari mwekundu ambapo mshono ulimuuma.

"Nipe, shangazi."

"Chukua."

Hakuachia. Nikavuta kidogo, haukutoka.

"Nimekwambia chukua."

"Huachii."

Akautazama mkono wake kama mtu anayetazama mkono wa jirani. Vidole vilikuwa vimefumba, vyeupe kwenye viungo, na havikumsikia. Alijaribu tena. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha chini, cha kuchoka.

"Basi vifungue wewe," akasema. "Kimoja kimoja. Anza na kidole kidogo, huyo ndiye mpole."

Nikapiga magoti, nikaanza.